Wi-Fi ikigoma: kazi ya wanaosaka hitilafu ndani ya keneli

Mwanzoni mwa mwaka 2010, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliandika kiraka kifupi, yaani badiliko dogo la kurekebisha msimbo, kwa ajili ya draiva moja ya Wi-Fi iitwayo b43. Draiva hiyo huendesha chipu za kampuni ya Broadcom, ambazo wakati ule zilikuwa zimejaa kwenye laptopu za Dell na HP na kwenye vile vikompyuta vidogo vya bei nafuu. Katika baadhi ya mashine b43 ilifanya kazi kwa muda, kisha ikakata. Kwenye rekodi za mfumo ulibaki ujumbe wa kosa kubwa la DMA, ukifuatiwa na ushauri: kifaa hiki hakiwezi kutumia DMA kwenye kompyuta yako, tafadhali tumia PIO. Ili kuufuata ushauri huo, mwenye kompyuta alitakiwa kuiondoa draiva na kuipakia upya kwa amri maalumu, jambo ambalo watu wengi hata hawakujua kuwa linawezekana.

Kiraka cha Torvalds hakikugusa chanzo cha tatizo. Kiliifanya draiva itende yenyewe kile ilichokuwa ikimwagiza mtumiaji: DMA ikishindwa, ihamie PIO, ujumbe wa kosa ubaki kwenye rekodi kama ushahidi, na kazi iendelee.

DMA ni utaratibu unaoiruhusu chipu kuandika data moja kwa moja kwenye memori ya kompyuta bila kupitia kwa prosesa. Ni kama mwenye duka kumpa mchukuzi ufunguo wa stoo: mizigo inaingia huku yeye akiendelea kuhudumia wateja. PIO ni mwenye duka kubeba kila gunia mwenyewe. Kasi hushuka na prosesa hulemewa, lakini mzigo unafika. Kwa mtu aliyekuwa anasubiri kutuma barua ya kuomba kazi kupitia laptopu ile, kufika kwa mzigo kulikuwa na maana kubwa kuliko kasi.

Nadhani kiraka kile kinaeleza kazi hii vizuri kuliko maelezo mengi ya kitaalamu. Hitilafu za draiva za Wi-Fi mara nyingi hazipatiwi tiba kamili kwa mara moja. Kwanza anatafutwa mtu mwenye kifaa kinachosumbua, inatafutwa namna ya kumrudisha kazini, kisha ndipo unaanza upelelezi mrefu wa kujua kulikoni. Na upelelezi huo hauwezi kufanyika bila yeye.

Keneli ndiyo sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi. Hugawa memori, hupanga zamu za prosesa na huzungumza na vifaa. Keneli ya Linux ndiyo iliyomo kwenye seva nyingi za intaneti, kwenye ruta nyingi za nyumbani na kwenye kila simu ya Android. Draiva ni kipande cha keneli kinachofahamu namna ya kuongea na kifaa kimoja mahususi. Programu ya kawaida ikikosea, mfumo huifunga na wewe unaendelea na mambo mengine. Draiva ikikosea, imekosea ikiwa na mamlaka ya keneli nzima. Inaweza kuandika juu ya memori isiyo yake, na kitakachoharibika dakika kadhaa baadaye kikawa faili lililofunguliwa, lisilohusiana na Wi-Fi kwa namna yoyote. Wakati mwingine mashine huganda tu, na hata rekodi haipati nafasi ya kuandikwa kwenye diski.

Kati ya draiva zote, za Wi-Fi zina shida ya pekee, kwa sababu watuhumiwa ni wengi. Huenda jirani amewasha ruta yake kwenye chaneli ileile. Huenda oveni ya maikrowevu inavuruga masafa ya gigahezi 2.4. Huenda ruta yenyewe ndiyo mbovu. Huenda kosa limo kwenye mac80211, ile sehemu ya keneli iliyoingizwa Linux mwaka 2007 na inayotumiwa kwa pamoja na draiva nyingi za Wi-Fi. Huenda limo kwenye draiva. Au limo ndani ya chipu, kwenye fimwea. Kwa aliyekaa mbele ya skrini, yote hayo ni jambo moja: mtandao umekatika.

Fimwea ni programu inayoendeshwa na prosesa ndogo iliyomo ndani ya chipu ya Wi-Fi. Kiwanda huitoa ikiwa imefungwa, na mtu wa nje hawezi kuisoma kama anavyousoma msimbo wa keneli. Draiva hutuma amri, kisha husubiri jibu. Jibu lisipokuja, kitu pekee kinachoonekana upande wa keneli ni kwamba muda umekwisha. Kosa hilo lina namba yake, -110, na kila aliyewahi kushughulika na draiva hizi analifahamu. Halisemi nini kimetokea. Linasema tu kwamba upande wa pili umenyamaza.

Draiva ya b43 ilizaliwa katikati ya ukimya wa aina hiyo. Broadcom haikuwa imechapisha maelezo ya namna chipu zake zinavyoendeshwa. Watu waliojitolea wakajigawa makundi mawili. Kundi la kwanza liliichambua draiva ya siri ya kampuni, likaandika kwa maneno chipu inataka nini: andika namba hii kwenye rejista hii, subiri kiasi hiki, soma kule. Kundi la pili halikuitazama kabisa draiva ya kampuni. Lilichukua maandishi yale na kuandika draiva mpya toka mwanzo, ili asitokee mtu wa kudai kuwa msimbo umenakiliwa. Matunda ya kwanza yaliingia kwenye Linux 2.6.17 mwaka 2006 kwa jina la bcm43xx, na b43 yenyewe ikafuata kwenye toleo la 2.6.24, Januari 2008.

Hata hapo fimwea ilibaki kikwazo. Broadcom haikuwa imetoa ruhusa ya kuisambaza, kwa hiyo mtumiaji alilazimika kupakua draiva ya kampuni, kisha kuikata na kutoa fimwea ndani yake kwa chombo kiitwacho b43-fwcutter. Ili kupakua alihitaji intaneti, na kilichokuwa hakifanyi kazi ni hiyo hiyo intaneti. Aliyekuwa na waya wa mtandao alivuka. Aliyekuwa hana alikwama pale pale, na katika nchi zetu, ambako nyumba yenye waya wa mtandao ilikuwa adimu, waliokwama walikuwa wengi. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Brescia, Italia, waliandika fimwea yao iliyo wazi kwa baadhi ya chipu hizo, kazi ambayo mpaka leo nikiifikiria naishangaa kwa ujasiri wake.

Chipu mpya zilipokuja, mbinu ikabadilika kidogo. Keneli ya Linux ina chombo kiitwacho mmiotrace, ambacho hurekodi kila mara draiva inapoandika au kusoma kwenye rejista za kifaa. Unaiacha draiva ya siri ifanye kazi yake, unachukua rekodi, kisha unakaa nayo. Rekodi hiyo ni maelfu ya mistari, na kila mstari una wakati, anwani na namba, bila neno hata moja la kueleza sababu. Rafał Miłecki wa Poland ni mmoja wa waliotumia rekodi za namna hiyo kuiwezesha b43 kuendesha chipu zilizofuata. Unalinganisha rekodi ya draiva ya kampuni na rekodi ya draiva yako, mstari kwa mstari, mpaka ufike mahali zinapoachana njia. Pale ndipo unapoanza kuuliza maswali.

Septemba 2010 Broadcom yenyewe ilitoa draiva iliyo wazi kwa chipu zake mpya. Za zamani zikabaki mikononi mwa b43.

Mtu aliyeitunza b43 kwa miaka mingi aliitwa Larry Finger, Mmarekani. Kabla ya kustaafu alikuwa mtafiti wa fuwele kwenye maabara ya taasisi ya Carnegie mjini Washington, na yapo madini ya shaba yaliyopewa jina lake, fingerite. Draiva alizigeukia akiwa mtu mzima. Kwa karibu miongo miwili aliandika viraka zaidi ya 1,500, akahama kutoka draiva za Broadcom kwenda za Realtek, na akawa mtu wa kukimbiliwa na kila aliyenunua kidude cha Wi-Fi cha USB na kukuta Linux haikitambui. Alifariki Juni 2024 akiwa na miaka 84. Ukizifuatilia kazi zake unaona tabia ya mtu wa maabara: huuliza kipimo kimoja, husubiri matokeo, hubadilisha kitu kimoja, huuliza tena. Vifaa vingi alivyovishughulikia vilikuwa mezani kwa watu wengine, wengine wako bara jingine kabisa.

Hicho ndicho kiini cha jambo ninalotaka kulisema. Anayeandika draiva hana kila kifaa. Hawezi kuwa nacho. Chipu moja huwekwa kwenye laptopu za kampuni kadhaa, kila moja na antena zake, BIOS yake na umeme wake. Hitilafu inayomsumbua fundi wa Mwanza huenda haijawahi kutokea kwenye meza ya mwandishi wa draiva hata siku moja. Mwenye kifaa mkononi ndiye mwenye ushahidi, na asipousema, hakuna atakayeujua.

Ushahidi huo huanzia kwenye rekodi za keneli, zinazosomwa kwa amri ya dmesg. Mistari michache tu hutosha kuwapunguza watuhumiwa. Ikiwa draiva imeshindwa kupata fimwea kwa kosa -2, maana yake faili halipo kwenye diski. Hapo hakuna hitilafu ya keneli, kuna kifurushi kinachopaswa kusakinishwa. Ikiwa mtandao unakatika, angalia nani alianza kuaga. Keneli huandika kama ni ruta iliyoikata kompyuta au ni kompyuta iliyoamua yenyewe kuondoka, na tofauti hiyo peke yake huokoa saa nyingi za kumlaumu asiyehusika. Ikiwa mtandao hulegea kila unapokaa bila kuutumia, zima utaratibu wa kuokoa umeme wa kadi kwa amri ya iw, kisha ngoja uone. Hitilafu nyingi zimejificha hapo: chipu inalala, keneli inaiamsha, haiamki kwa wakati.

Zipo hitilafu zinazokimbia mwanga. Chipu inapopokea pakiti hutuma katizo, na prosesa huacha ilichokuwa inakifanya ili kuipokea. Wakati huohuo prosesa nyingine huenda inaizima kadi kwa sababu mtumiaji amefunga kifuniko cha laptopu. Zikigusa memori ileile bila kufuli, au zikishika makufuli mawili kwa mpangilio tofauti, mashine huganda. Lakini ziachane kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na hakuna kitakachotokea. Mtaalamu akiongeza mistari ya kuandika rekodi ili aone kinachoendelea, kule kuandika kunachukua muda, mpangilio wa matukio unabadilika, na hitilafu inapotea. Akiiondoa mistari ile, inarudi. Ndiyo maana tangu mwaka 2006 Linux ina chombo kiitwacho lockdep, kilichoanzishwa na Ingo Molnar, ambacho hakisubiri mgando utokee. Hufuatilia makufuli yanavyoshikwa, na kikiona mpangilio unaoweza siku moja kuleta mgando, hulalamika mapema.

Kazi ambayo mwenye kifaa anaweza kuifanya kuliko mtu yeyote ni ile ya kugawa nusu kwa nusu. Toleo jipya la keneli hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi, na kila toleo huja na mabadiliko zaidi ya 10,000. Tuseme Wi-Fi ilikuwa nzima kwenye toleo la zamani, ikagoma kwenye jipya. Kosa limo kwenye badiliko moja kati ya hayo. Amri ya git bisect hukuchagulia badiliko la katikati. Unaijenga keneli hiyo, unaiwasha, unajaribu, unajibu: nzima au mbovu. Kila jibu hufuta nusu ya watuhumiwa. Mabadiliko 10,000 huhitaji majaribio 14 hivi. Kwenye laptopu ya zamani kila ujenzi unaweza kula saa kadhaa, kwa hiyo ni kazi ya siku nyingi, lakini haihitaji kujua kuandika draiva. Inahitaji uaminifu wa kupima. Hitilafu inayotokea mara moja kwa siku ikipimwa kwa nusu saa na kuitwa nzima, hesabu yote inapotoka na anayelaumiwa ni badiliko lisilo na hatia.

Na jibu la kazi hiyo lina uzito. Kanuni ya Linux, ambayo Torvalds ameisimamia kwa ukali miaka yote, ni kwamba kilichokuwa kinafanya kazi kwa mtumiaji hakipaswi kuharibiwa na toleo jipya. Ukionyesha badiliko lililokuharibia, mwenye badiliko hilo ana wajibu wa kulirekebisha, la sivyo badiliko lenyewe huondolewa.

Watengenezaji nao wana namna zao za kujipima bila vifaa. Kuna mac80211_hwsim, redio za kuigiza ndani ya kompyuta moja, zinazorushiana pakiti bila antena yoyote. Kwa sehemu za juu za mfumo ni msaada mkubwa. Mwaka 2022 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, aliimwagia keneli pakiti zilizovurugwa makusudi, akagundua udhaifu katika msimbo unaosoma matangazo ambayo kila ruta huyarusha hewani kujitambulisha. Baadhi ya makosa hayo yaliweza kuamshwa na kompyuta iliyokuwa inatafuta mitandao tu, kabla haijaunganishwa na wowote. Yalizibwa Oktoba mwaka huohuo. Lakini redio ya kuigiza haipati joto, haina fimwea ya siri, na haijawahi kuanguka kutoka mezani. Chipu yenyewe hupimwa na chipu.

Sasa tuangalie chipu hizo ziko wapi. Laptopu ambazo ofisi za Ulaya na Ghuba zimezichoka huvuka bahari na kuuzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na katika maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi. Zenye kadi ya BCM4312, mojawapo ya zile zinazoendeshwa na b43, zimo humo. Pembeni yake huuzwa vidude vya USB vya Wi-Fi, ambavyo mafundi huvipendekeza pale kadi ya ndani inapogoma. Mnunuzi huangalia jina kwenye boksi, na jina hilo halitoshi. TP-Link TL-WN722N ya toleo la kwanza ina chipu ya Atheros AR9271, inayoelewana na Linux vizuri sana. Ya toleo la pili, jina lilelile na umbo lilelile, ina chipu ya Realtek RTL8188EUS, ambayo kwa miaka mingi iliwatesa watumiaji wa Linux. Kilichobadilika kwa nje ni herufi ndogo za toleo kwenye lebo. Ndiyo maana kitu cha kwanza kuulizwa na mtaalamu wa draiva ni namba zinazotolewa na amri za lspci na lsusb. 14e4:4315 ni ile BCM4312. 0cf3:9271 ni Atheros. Zinazoanza na 0bda ni za Realtek. Namba hizo husomwa kutoka kwenye kifaa chenyewe, wala hazitegemei kilichochapishwa kwenye boksi.

Ipo hitilafu nyingine ambayo kwetu inajitokeza kwa sura yake. Laptopu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hupangiwa sheria za masafa za huko, na Wi-Fi ya gigahezi 2.4 kule huishia chaneli ya 11. Tanzania na Kenya zinaruhusu mpaka ya 13. Ruta ikijichagulia chaneli ya 12 au 13, simu zote nyumbani zinaiona, na laptopu ile haioni kitu. Mtu atabadilisha draiva, atabadilisha antena, atasakinisha mfumo upya. Draiva haina kosa lolote. Inatii sheria ya nchi isiyo yake. Amri ya iw reg get huonyesha kompyuta inajidhani iko nchi gani, na mara nyingi kuihamishia ruta kwenye chaneli ya 1, 6 au 11 humaliza kesi.

Ukimya wa watumiaji una gharama. Mwishoni mwa mwaka 2023 watunzaji wa Linux walikusanya draiva kadhaa za kadi za zamani za Wi-Fi, zikiwemo orinoco, hostap na atmel, wakaziondoa kwenye keneli. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Kila draiva iliyomo ni mzigo kwa anayebadilisha sehemu zinazoizunguka, na kama hakuna anayesema bado anaitumia, ni haki kuamini kuwa hayupo. Kadi zile ni za kale sana, sidhani kama wengi waliumia. Lakini kipimo kilichotumika kwao ndicho kitakachotumika siku moja kwa b43 na kwa vidude vya Realtek, na maduka ya Kariakoo hayahesabiki kwenye kipimo hicho mpaka mtu wa Kariakoo aandike.

Ripoti inayosaidia haihitaji Kiingereza cha kupendeza. Inataja toleo la keneli, namba za kifaa, toleo la mwisho lililofanya kazi kama linajulikana, rekodi ya dmesg tangu kompyuta ilipowashwa bila kukatwa mistari, na hatua zinazoifanya hitilafu itokee. Inatumwa kwa barua pepe ya maandishi matupu, bila rangi wala mapambo, kwa watunzaji ambao anwani zao zimo kwenye faili la MAINTAINERS ndani ya msimbo wa keneli. Kisha ubakie na kifaa, usikiuze wiki ileile, kwa sababu jibu la kwanza karibu kila mara huja na kiraka na ombi la kukijaribu.